Jerimaniamu yetu ikitoka, leza zirudi

Oktoba 2024 shehena ya kwanza ya makinikia ya jerimaniamu iliondoka Lubumbashi, Kongo, kwenda Ubelgiji, kwenye kampuni ya Umicore. Ilitokana na kile kilima cheusi kinachojulikana na kila aliyewahi kufika mji huu, slagi, taka ya tanuru, iliyorundikwa tangu kampuni ya Union Minière ilipomimina shaba yake ya kwanza hapa mwaka 1911. Leo Société du Terril de Lubumbashi, kampuni tanzu ya Gécamines, shirika la madini la serikali, inalichambua upya lundo lile na kutoa humo madini ambayo dikrii ya Novemba 2018 iliyatangaza kuwa ya kimkakati, sambamba na kobalti na koltani. Nilifurahi kusikia habari ile, na bado nafurahi. Lakini kwa mtu wa fani yangu swali la pili linakuja lenyewe: jerimaniamu hiyo ikishasafishwa, inakwenda kufanya kazi gani?

Sehemu yake huingia kwenye nyaya za kioo zinazobeba intaneti, sehemu kwenye sola za satelaiti. Sehemu nyingine huchongwa kuwa lenzi na madirisha ya vyombo vya infraredi. Kwa macho yetu jerimaniamu ni kipande cha kijivu kinachong'aa, huoni kitu upande wa pili. Nuru ya infraredi yenye urefu wa wimbi kati ya maikromita 2 na 14, hata hivyo, hupita humo vizuri. Na ni katika eneo hilohilo la nuru ambamo gesi za viwandani zimeacha alama zao. Dioksidi ya salfa, gesi inayokaba koo la kila aliyewahi kufanya kazi karibu na tanuru la shaba, ina alama kali karibu na maikromita 7.3. Maana yake ni kwamba tunauza mali ambayo wenzetu wanachungulia nayo gesi, na gesi yenyewe imebaki huku kwetu bila wa kuichungulia.

Msimamo wangu nausema mapema. Hakuna dohani ya kiwanda cha shaba, kobalti au asidi, iwe jimbo la Haut-Katanga au la Lualaba, inayostahili kutoa moshi bila leza inayosoma gesi yake saa zote, na namba zinazosomwa zionekane kwa watu wanaoivuta hewa hiyo. Tena sehemu ya malipo ya jerimaniamu yetu ije kwa sura ya vyombo hivyo na watu wa kuvitunza.

Mimi ni fundi wa vipimo mstaafu. Maisha yangu ya kazi nimeyamaliza kwenye viwanda vya asidi na vya kuchenjua madini, nikitunza vyombo vinavyosema ndani ya bomba mna joto kiasi gani, mgandamizo kiasi gani na gesi gani. Naishi Makomeno. Ukitoka kwenye miti ya maembe ya mtaa wetu ukafika mahali palipo wazi, unaiona dohani ya zamani ya Gécamines, mita 153 kwenda juu. Watoto wa leo wanaijua kama alama ya mji. Sisi tuliizoea ikitoa moshi, na tulijua kwa pua upepo umegeukia wapi.

Mwanzoni tanuru lile lilikula madini ya oksidi, yasiyo na salfa nyingi. Salfa ilikuja na madini ya mgodi wa Kipushi. Pepo za kusini-mashariki zinazotawala kiangazi zikausukuma moshi kaskazini-magharibi ya kiwanda, mwaka baada ya mwaka, pamoja na vumbi la shaba, zinki na risasi. Nendeni Penga Penga, huko moshi ulikoelekea, mkaone. Miombo ilikufa, udongo wa juu ukachukuliwa na mvua, pakabaki ardhi tupu yenye majani machache yanayovumilia shaba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamefanya kazi ngumu ya kujaribu kuotesha tena mimea na miti pale, wakichimba mashimo na kuyajaza udongo safi na mbolea. Kinachoniuma ni kwamba ramani ya moshi ule tumeisoma kwenye ardhi iliyokwisha kufa. Daftari la hewa, lenye tarehe na saa, ambalo raia anaweza kulifungua, mimi sijawahi kuliona.

Dohani ile imenyamaza, lakini gesi haijaondoka Katanga. Malori ya salfa ya njano yanaingia kila siku kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Salfa hiyo huchomwa ikawa dioksidi, na dioksidi ikageuzwa asidi ya kuyeyushia madini. Viwanda vya kobalti vinahitaji dioksidi hiyo moja kwa moja pia, kwa sababu kobalti ya huku imeshikwa kwenye oksidi ambayo asidi peke yake haiimalizi. Kolwezi wana tanuru la Lualaba Copper Smelter, na Kamoa-Kakula wamejenga jingine la uwezo wa tani 500,000 za shaba kwa mwaka, ambalo gesi yake inanaswa na kufanywa asidi. Kunasa gesi ni jambo jema, nalisifu. Jirani zetu wa Mufulira, upande wa Zambia, walivuta moshi wa salfa kwa miongo mingi, wao wanauita senta, hadi kiwanda kipya cha asidi kilipokamilika mwaka 2014. Lakini mtambo wa kunasa gesi huwashwa na kuzimwa, huziba, huvuja kwenye viungo. Wakazi wa Fungurume wamelalamika hadharani juu ya harufu kali na damu puani. Mlalamikaji ana pua yake, na kiwanda kina ripoti yake. Kati ya hao wawili hakuna shahidi wa tatu.

Kwa nini shahidi huyo awe leza, na si vitambuzi vya bei nafuu vilivyojaa madukani? Nina sababu ya kusisitiza, na niliipata kazini, katika kiwanda ambacho sitakitaja.

Ilikuwa kiangazi, mwezi wa nane, hewa kavu ya kupasua midomo. Kwenye chumba cha pampu kulikuwa na kitambuzi cha dioksidi ya salfa cha aina iliyozoeleka, chenye majimaji ndani na elektrodi zinazotoa umeme kidogo gesi inapoingia. Usiku kijana wa zamu akanijia anakohoa, macho mekundu. "Papa, mashine inasema sifuri, lakini kifua kinakataa." Nikaenda naye. Ni kweli, skrini ilionyesha sifuri na taa ya kijani inawaka. Nikachukua kibomba cha kioo cha kupimia, nikavunja ncha zake mbili, nikakichomeka kwenye pampu ya mkono na kuvuta hewa. Rangi ya unga uliomo ndani ikageuka kabla sijamaliza kuvuta. Tukatoa watu wote nje, tukafunga valvu, wawili wakapelekwa zahanati. Kulipokucha nikakipelekea kitambuzi gesi ya mtungi, ya kiwango kinachojulikana. Hakikusogea hata kidogo. Majimaji yake yalikuwa yamekauka.

Ubaya wake ndio huu. Kitambuzi cha namna ile kikifa, hakitoi umeme. Na kusipokuwa na umeme, skrini inaandika kwamba hakuna gesi. Sifuri ya hewa safi na sifuri ya kifaa kilichokufa zinaandikwa kwa tarakimu moja, na taa moja ya kijani. Ndiyo maana fundi mwaminifu hukipelekea gesi ya mtungi mara kwa mara. Mitungi hiyo inatoka ng'ambo, ikichelewa mpakani zoezi linaahirishwa, na wote tunaijua hadithi ya mambo yanayoahirishwa.

Leza inakwenda kinyume. Upande mmoja wa bomba unafunga leza, upande wa pili kipokezi, na nuru inavuka katikati ya moshi. Hewa ikiwa safi, nuru inafika kamili. Gesi ikiwepo, nuru inapungua, lakini kwenye urefu wa wimbi wa gesi hiyo tu. Oksijeni hula nuru karibu na nanomita 760, amonia 1,512, methani 1,654, dioksidi ya kaboni 2,004. Umeme unaoilisha leza huongezwa na kupunguzwa kidogokidogo, na kwa kufanya hivyo wimbi lake linasogea, linapita juu ya alama ya gesi na kurudi, mara nyingi kila sekunde, kama anayezungusha kitufe cha redio kupita juu ya kituo. Shimo linalojichora pale kwenye kituo ndilo linalosema gesi ni kiasi gani. Vumbi likipita, nuru yote inashuka pamoja, ila shimo la umbo lile vumbi haliwezi kulichimba. Na dirisha likichafuka kabisa, au leza ikifa, nuru haifiki. Hapo chombo hakiandiki sifuri. Kinasema hakioni, kinapiga kengele. Waundaji wengine huweka ndani yake chumba kidogo kilichojazwa gesi inayojulikana, ili leza ijihakikishie kila wakati kwamba imekaa kwenye alama yake. Kwa kijana yule wa zamu tofauti hiyo ni ya uhai.

Nimewahi kuishika moja. Kikopo cha chuma kinachoenea kwenye ncha ya kidole, kidirisha juu, vipini vya dhahabu chini. Ndani yake kuna kipande cha fuwele kisichofika hata milimita moja, kimekalia kibamba kinachokipoza na kukipasha joto kwa umeme, maana joto likibadilika kidogo tu wimbi linahama. Nilikigeuzageuza kile kikopo nikifikiria njia ndefu iliyokifikisha pale. Leza ya kwanza ya semikondakta iliwaka Marekani mwaka 1962, mikononi mwa Robert Hall na wenzake wa General Electric, na ilibidi izamishwe kwenye baridi kali ndipo ifanye kazi. Mwaka 1970 Zhores Alferov kule Leningrad, na Hayashi na Panish wa Bell Labs, waliifanya iwake mfululizo kwenye joto la kawaida. Alferov alipata Nobel mwaka 2000. Lakini leza hizo zilikuwa za mawimbi mafupi. Methani, amonia na oksijeni zinasomeka huko vizuri. Dioksidi ya salfa alama zake huko ni hafifu mno. Njia bora ya kufika maikromita 7 ilifunguka mwaka 1994, pale Jérôme Faist, Federico Capasso na wenzao, Bell Labs pia, walipowasha leza iliyojengwa kwa matabaka mengi membamba, kila moja nanomita chache. Fikra yake ilikuwa imeandikwa na Warusi wawili, Kazarinov na Suris, tangu 1971. Kwenye leza hiyo unene wa tabaka ndio unaoamua wimbi, hivyo mjenzi anachagua gesi anayoitaka ndipo anapanga matabaka.

Na matabaka hayo yametengenezwa kwa nini? Galiamu, indiamu, arseniki, fosforasi. Galiamu nayo ina nasaba na sisi. Galiti, madini ya galiamu na shaba, yalielezwa na wanasayansi mwaka 1958 kutokana na migodi miwili, Tsumeb ya Namibia na Kipushi yetu, iliyo umbali wa kilomita kama 30 kutoka hapa. Renieriti, yenye jerimaniamu, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza Kipushi hiyohiyo. China ilipoanza kudhibiti usafirishaji wa galiamu na jerimaniamu nje ya nchi Agosti 2023, wanunuzi wa dunia nzima walianza kuangalia huku. Muuzaji anayetafutwa na wanunuzi anaweza kuweka masharti, na sharti langu ni hili la leza.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza atasema ni ghali. Ni ghali kweli, na ya dioksidi ya salfa ni ghali kuliko ya methani. Lakini tanuru la nusu milioni ya tani halijengwi na maskini. Chombo cha kupima moshi ni gharama ya dohani, kama matofali yake. Kwa sababu hiyohiyo nakataa kilipiwe kutoka kwenye ile asilimia 0.3 ya mapato ambayo sheria ya madini ya 2018 imewatengea wakazi wa maeneo ya migodi. Fedha zile ni za visima, madarasa na barabara za watu. Haifai mtu alipie mwenyewe ushahidi wa kinachomkohoza.

Wa pili atasema vitaharibika, umeme wa SNEL unakatika, vumbi letu ni jekundu na linaingia kila mahali. Namheshimu huyu, kwa sababu nimefuta vumbi hilo maisha yangu yote. Chombo chenyewe hakili umeme mwingi; paneli ya sola na betri vinakibeba. Dirisha linalindwa kwa kupuliziwa hewa safi bila kukoma, na mabomba ya mvuto niliyoyatunza zamani, yanayonyonya moshi na kuupeleka kwenye mashine mbali, yaliziba kwa vumbi na asidi mara nyingi kuliko dirisha lolote. Leza haigusani na moshi. Kinachoua vyombo vya namna hii ni kukosa mtu. Bomba hupanuka kwa joto, nuru inakosa shabaha, mtaalamu anaitwa kutoka ng'ambo, anachukua muda kufika, na kufikia hapo wakubwa wameshazoea kuishi bila namba.

Kwa hiyo mtu huyo awe wa hapa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kipo tangu 1956, kina Polytechnique iliyotoa wahandisi wa migodi wa nchi nzima. Sidai tukajenge kesho mtambo wa kuotesha fuwele za leza; huo unahitaji vyumba visivyo na chembe ya vumbi na fedha ambazo hatuna. Fuwele inanunuliwa, Wajerumani na Waswisi wanaziuza kwa wimbi unalotaja. Kinachobaki ni kazi tunayoiweza: kujenga kisanduku, kupanga lenzi, kuandika programu inayosoma lile shimo la nuru, kupima kwa gesi ya mtungi, kufunga kwenye bomba, kurudi kila wiki kufuta kioo. Huko Pretoria kuna African Laser Centre, iliyoundwa 2003 kwa ajili ya kuunganisha watafiti wa leza wa bara hili. Vijana wetu wapelekwe huko, warudi, wafundishe. Sheria imeweka mrabaha wa asilimia 10 kwenye madini ya kimkakati, na sehemu ya kumi ya mirabaha ni ya mfuko wa vizazi vijavyo. Maabara ya kupima gesi ndani ya Polytechnique ndiyo matumizi halali ya mfuko wa jina hilo kuliko mengi ninayoyasikia. Na mkataba wowote mpya wa jerimaniamu uandikwe ndani yake lenzi na leza kiasi gani zitarudi Lubumbashi, kwa mwaka gani, na wanafunzi wangapi watazifungua kwa mikono yao.

Chombo hichohicho kina kazi sehemu nyingine za Kongo. Goma na kando ya ziwa Kivu kuna mabonde madogo ambamo dioksidi ya kaboni ya volkano hutuama usiku, wenyeji huyaita mazuku, na mtu akiingia alfajiri huenda asitoke. Leza ya nanomita 2,004 inaweza kulinda bonde kama hilo. Wachimbaji wetu wadogo wanaoshuka kwenye mashimo marefu wangesaidiwa na ya oksijeni. Tukiwa na watu wanaojua moja, nyingine haziwi ngeni. Kwenye sayari ya Mars, chombo Curiosity kilichotua mwaka 2012 kinabeba leza za semikondakta, na moja kati ya hizo inatafuta methani kwenye hewa ambayo hakuna mtu anayeivuta. Sioni sababu ya sisi wa mitaa ya Lubumbashi, Makomeno, Kenya, Katuba na Kampemba, kubaki nyuma ya jangwa lile.

Ningepewa nafasi ya kuanza, ningeanza na kiwanda kimoja kilichopakana na nyumba za watu. Leza moja kwenye dohani, ya pili ikitazama nje, nuru yake ikipita kando ya ukuta wa kiwanda hadi kwenye kioo cha kuirudisha, ili gesi inayovuja chini chini nayo isipite bila kuonekana. Kisha ubao langoni, kwa Kiswahili, mama anayepita na beseni la maandazi aweze kuusoma. Shirika la Afya Duniani linasema dioksidi ya salfa isizidi maikrogramu 500 kwa mita ya ujazo katika wastani wa dakika 10, wala 40 kwa wastani wa saa 24. Namba hizo mbili ziandikwe kwa rangi isiyofutika, na chini yake namba za sasa za pale ukutani. Mstari wa mwisho wa ubao uwe wa afya ya chombo chenyewe: nuru inafika, au haifiki tangu saa fulani. Na isipofika kwa muda ambao sheria itautaja, tanuru lizimwe mpaka fundi amalize kazi yake.